Sindano Yake Hukuisikia

Katika miaka yote niliyosimama kando ya kiti chake nikimpa vifaa, sikuwahi kumwona Daktari akimuumiza mgonjwa kwa mkono. Nalisema hili kwanza kwa sababu mengine nitakayoyasema yanaweza kumfanya msomaji adhani namwonea. Sindano yake ya ganzi hukuisikia. Alikushika shavu, akalitikisa kidogo huku akikuuliza umekuja na gari gani, na kabla hujamaliza kujibu alikuwa ameshachoma na kuchomoa. Watu walishuka ngazi za kliniki yetu, pale ghorofani karibu na soko la Songea, wakijigusagusa midomo iliyokufa ganzi na kuapa kwamba hawajawahi kutibiwa vile. Kilichouma ni maneno. Hayo hayakuwa na ganzi, na uliondoka nayo hadi nyumbani.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana hakuwahi kutueleza na hatukuthubutu kuuliza. Tulichojua ni kwamba alitoka Tanga, kwamba aliletwa huku akiwa mtumishi wa serikali, na kwamba siku alipoachana na serikali hakurudi kwao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mtandio uliopigwa pasi kila siku ya Mungu, na viatu visivyotoa sauti. Ulikuwa ukimteta, ukigeuka unamkuta nyuma yako.

Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, na ndicho alichotuchapia. Mimi nimekulia Ruhuwiko, nyumbani tukizungumza Kingoni, na mpaka leo ulimi wangu unachanganya r na l nikiwa na haraka. Siku moja, mgonjwa amelala mdomo wazi, nilisema "mfeleji" nikimaanisha mfereji wa jino. Daktari akaweka kifaa chini. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikakosea tena kwa woga. Akanirudisha tena na tena, taratibu, kama anayemfundisha kasuku, na mgonjwa yule, mwalimu wa sekondari, akabaki anatazama dari. Mwishowe Daktari akamwomba radhi kwa heshima zote. Akamwambia kwamba binti huyu anafundishwa kusafisha kitu ambacho bado hajaweza kukitaja.

Hakutuita kwa majina yetu. Mimi nilikuwa Ruhuwiko. Mwenzangu, tabibu wa meno kama mimi, kijana wa Kiyao aliyekuja baada yangu, alikuwa Tunduru, kwa jina la wilaya aliyotoka. Kwa kuwa Daktari alituita hivyo, wagonjwa nao wakafuata, na mwisho hata sisi wenyewe tukaitana hivyo.

Mama mmoja wa kwaya ya parokia alikuja na meno ya mbele yaliyooza. Daktari alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza kwa upole kabisa kama padri huwa anasimama mbali naye. Yule mama alilia. Daktari akamngoja amalize, akampa kitambaa, akaanza kazi. Alimtibu mchana kutwa bila kwenda kula, akaokoa meno ambayo mtu mwingine yeyote mjini angeyang'oa bila kufikiri. Mama yule aliondoka na kinywa kizuri kuliko changu. Kwaya aliiacha.

Kung'oa alikuchukia. Alisema kung'oa ni kazi ya seremala, na mtu aliyeingia akitaka jino litolewe haraka ili awahi basi, alimwambia aende kwa seremala. Watu wa kwetu walizoea kung'oa. Jino likiuma unalitoa, unatema damu, unarudi shamba. Yeye aliwaambia warudi kliniki kesho, na keshokutwa, na wiki ijayo, mpaka mzizi uwe safi. Walirudi. Walimchukia na walirudi.

Kwa watoto alikuwa mtu mwingine. Hakusema nao neno hata moja. Aliwawekea kioo kidogo mkononi, akafanya kazi kimya, na walilala kwenye kiti kile kama wamelala kwa mama zao. Nilipomuuliza mbona huwa hawasemeshi, alijibu kwamba mtoto hajapata cha kujivunia bado, hakuna pa kumshika.

Mwanangu wa kwanza alipolazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, Daktari alikuja wodini na chupa ya uji na kanga mbili. Akanifukuza nikalale, akakaa yeye. Alimkanda mtoto, akamgeuza, akawasumbua wauguzi mpaka dripu ikabadilishwa. Mtoto alipofumbua macho, nikiwa nimepiga magoti namshukuru, akaniambia, "Amepona. Ila hiyo sura aliyoirithi kwa baba yake, hatuna dawa yake." Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka, kwa sababu mwanangu alikuwa hai. Sasa ni mtu mzima na sijamsimulia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Daktari alikuwa mbaya, huwa nashindwa kujibu haraka. Niseme tu alivyotufundisha, na lililompata Tunduru.

Jino likioza hadi kwenye kiini, ndani ya mzizi hubaki mfereji mwembamba uliojaa uchafu. Unausafisha kwa vijisindano vya chuma tunavyoviita faili, kila kimoja na namba yake kwa unene. Lakini kabla ya kusafisha ni lazima ujue mfereji una upana gani kule chini kabisa, kwenye ncha ya mzizi, na huko huoni. Hata picha ya eksirei haikuambii sawasawa. Unatia faili nyembamba, inapita inacheza. Unatia inayofuata. Unapanda namba hivyo hivyo mpaka upate inayoshikwa. Ukiridhika na namba ndogo mno, uchafu unabaki na jino litavimba tena. Ukilazimisha kubwa, unatoboa mzizi. Na mfereji una hila, kwa sababu mara nyingi hubana karibu na mdomo wake. Faili inashikwa huko juu, mkono wako unadhani imeshikwa chini, unataja namba kwa sauti kubwa, kumbe hata hujafika. Ndiyo maana alitaka tupanue kwanza sehemu ya juu, halafu ndipo tupime.

Hayo tulijifunza Jumamosi asubuhi, kabla ya wagonjwa. Daktari alikuwa na chupa ya meno yaliyong'olewa na wengine, yeye akiyaita mayatima. Alitufunga macho kwa mtandio wake wa akiba, uliokuwa ukinukia udi, akatupa jino na faili. Tulipima kwa ncha za vidole, tukataja namba. Kisha alikata kipande chembamba cha ncha ya mzizi, faili ikiwa bado ndani, akatufungua macho, akatuambia tuchungulie kwenye lenzi.

Karibu kila mara kulikuwa na mwanga pembeni ya faili. Mfereji si duara, mara nyingi umbo lake ni kama mbegu ya boga. Faili inagusa kuta mbili na kuziacha mbili, na wewe ulishasema imeshikwa. Hapo ndipo Daktari alipokuwa na furaha. Aliniambia nimemzika mgonjwa pamoja na takataka zake. Aliniambia vidole vyangu ni vya kukandia ugali. Nilikuwa nalia nikifika nyumbani, na Jumamosi iliyofuata nilipima vizuri zaidi. Hilo pia ni kweli na sipendi kulisema.

Tunduru hakulia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole virefu, na alipotukanwa alitikisa kichwa kana kwamba ameambiwa habari za mvua. Alipanda haraka. Ikafika wakati namba zake zilikuwa sawa mara nyingi kuliko zangu, halafu mara nyingi kama za Daktari mwenyewe. Jumamosi moja walitofautiana juu ya jino moja. Daktari alijifunga macho, akapima, akasema thelathini. Tunduru akapima baada yake, akasema arobaini. Likakatwa. Nilichungulia mimi kwanza. Faili ya arobaini ilijaza tundu lote, hapakuwa na mwanga.

Nilidhani atamfukuza. Badala yake alicheka, akafungua chupa yake ya chai, ile ya tangawizi ambayo hakuna aliyewahi kuonjeshwa, akammiminia. Akamuuliza habari za kwao. Tunduru akamweleza kwamba baba yake anaishi Namasakata, analima mpunga na korosho, na kwamba siku hizi anasumbuliwa na chonge la juu. Daktari akasema amlete.

"Mlete umtibu mwenyewe," alisema. "Mimi nitasimama tu nikutazame."

Tunduru alitembea wiki ile nzima kama mtu aliyeongezwa urefu.

Mzee alifika kwa basi la kutoka Tunduru, amevaa kanzu na koti juu yake, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Alisalimia kila mtu aliyemkuta kwenye benchi. Wadogo wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia na kuwaambia, bila kuulizwa, kwamba amekuja kutibiwa na mwanawe. Alipoona mwanawe amevaa koti jeupe, alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia. Kisha akalala kwenye kiti huku anatabasamu, na nilimwambia mara mbili apumzishe midomo ili tufanye kazi.

Tunduru alifanya kazi nzuri. Alichoma ganzi na mzee hakushtuka. Alifungua jino, akapanua juu, akaanza kupima, akipanda namba taratibu. Akasimama. Akarudia. Akasema, "Arobaini, Daktari."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yake. Akavaa glavu, akamwambia apishe, akaishika faili kwa vidole viwili. Aliizungusha kidogo tu.

"Ishirini na tano," akasema. "Hiyo nyingine umelazimisha." Kisha akainama karibu na uso wa mzee, sauti yake ile tamu kabisa. "Mzee wangu, mshukuru Mungu nilikuwa hapa. Mwanao angekutoboa mfupa. Mikono yake mizuri, lakini ni ya kupalilia mikorosho. Kwa kazi hii ataua watu."

Mzee hakuweza kusema, tulikuwa tumemfunika mdomo kwa ule utando wa mpira unaoacha jino tu nje. Macho yake yaliondoka kwa Daktari yakaenda kwa mwanawe, yakakaa hapo.

Tunduru akasema, "Daktari, naomba upime tena."

"Nenda nje," akamjibu. "Unamtia mzee hofu."

Tunduru akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine kama tulivyofundishwa, akatoka.

Daktari akaketi kwenye kigoda chake. Akanyoosha mkono kwangu bila kutaja namba, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, maana siku zote alitutaka tutaje namba kwa sauti. Nikasubiri. Akakunja kidole gumba, akanionyesha vidole vinne. Nikampa faili ya arobaini. Ikaenda chini, ikashikwa. Akapanda kutoka hapo, ya juu yake, na ya juu yake tena, kila moja akiomba kwa vidole, kimyakimya, mpaka mfereji ukawa safi. Ingekuwa ishirini na tano kweli, tusingefika huko bila kuupasua mzizi. Alifanya kazi ya ajabu siku ile. Picha tuliyopiga mwishoni ilikuwa ya kutundika ukutani.

Mzee alimshika Daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea dua ndefu. Kisha akashuka. Tunduru alikuwa amekaa kwenye ngazi. Nilikuwa nyuma yao na mfuko wa dawa, na nilimsikia mzee akisema kwa sauti ndogo, si ya hasira, "Mwanangu, twende nyumbani. Usije ukaua mtu."

Nilimvuta Tunduru pembeni, nikamwambia nilichokiona, vidole vinne, faili zote. Akatikisa kichwa kama kawaida yake.

"Najua, dada," alisema. "Niliusikia mfereji. Lakini mzee ndiye hajui."

Nikamwambia mzee hapo hapo. Nilimweleza kwamba mwanawe alipima sawa, kwamba Daktari ametumia namba ile ile. Alinisikiliza, akanishukuru kwa moyo wangu mzuri, akamchukua mwanawe wakaenda stendi.

Jioni, wagonjwa walipoisha, nilimkuta Daktari ananawa mikono. Nikasema, "Daktari, ilikuwa arobaini."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alifuta kidole kimoja kimoja. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kwa nini amefunga dirisha.

"Alikuwa ameanza kunitazama kama mwenzake," alisema.

Niliendelea kufanya kazi kwake. Nilikuwa na watoto, na Songea nzima hapakuwa na mwingine wa kunifundisha nilichokitaka. Jumamosi iliyofuata alinifunga macho peke yangu. Mtandio ulinukia udi vile vile. Nilipotaja namba ikawa sawa, alisema tu, "Afadhali," nami nilijisikia vizuri, na nikajichukia kwa kujisikia vizuri.

Tunduru hakurudi. Nilimpigia simu mara nyingi, akaniambia mzee hataki hata kulizungumza. Rafiki zangu walinishauri aombe kazi Mbeya au Njombe, kwa watu wasiomjua. Nilimwambia. Alijibu kwamba kila anapofikiria kushika mgonjwa anaona macho ya baba yake juu ya ule mpira.

Baadaye tulipelekwa wilayani Tunduru kwenye kambi ya kutibu meno. Siku ya mapumziko nilikodi pikipiki hadi Namasakata. Niliwakuta baba na mwana uani wanachambua korosho. Mzee alinikumbuka. Akaita majirani waje wamwone daktari kutoka Songea, akafungua mdomo, akaligonga lile chonge kwa ukucha.

"Hili alinitengenezea yule mama," akawaambia. "Natafunia muhogo mkavu. Mwanangu huyu alitaka kuliharibu, yule mama akaniwahi."

Alilisema bila ubaya wowote, kama hadithi iliyozoeleka pale nyumbani. Majirani wakacheka kidogo, wakamtazama Tunduru, naye akacheka nao. Nikaanza kusema tena kwamba sivyo ilivyokuwa. Mzee akanipigapiga begani.

"Unamtetea mwenzako, mwanangu, ni vizuri. Lakini mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti."

Tunduru akanifanyia ishara kwa kichwa, niache. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa maji ya korosho. Nilikunywa uji nikaondoka.

Mwaka huu mzee alifariki. Tunduru alinipigia, nikaenda msibani, nikakaa na wanawake. Baada ya mazishi alinisindikiza barabarani. Akaniambia kwamba mpaka siku za mwisho mzee alikuwa akimwombea Daktari katika dua zake, akimtaja kabla ya watoto wake. Akaniomba, nikimwona, nimpe taarifa.

Daktari ameshastaafu. Anaishi Msamala, kwenye nyumba yenye ua wa maua. Nakiri nilitaraji kumkuta amechoka, pengine mgonjwa, pengine peke yake. Nilimkuta mzima, amenenepa kidogo, uani kumejaa watoto wa jirani wanaofundishwa kusoma. Mama mmoja aliyekuja kuwachukua aliniambia mlangoni kwamba mtaa ule haujapata mtu kama bibi yule.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Ruhuwiko. Umezeeka vibaya. Kaa."

Nikakaa. Aliniletea chai ya tangawizi na visheti alivyokaanga mwenyewe, vitamu sana. Tuliongea ya mjini. Kisha nikamwambia kwamba baba yake Tunduru amefariki.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema, akaweka kikombe chini. Akainamisha kichwa, midomo ikitembea kwa dua. Nikamweleza kwamba mzee alimwombea mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba Tunduru yuko Namasakata, analima, hajaoa, hajashika jino tangu siku ile. Nikachukua kisheti kimoja. Nilitaka kumwachia nafasi. Niliona amekunja uso, anafikiri, na kwa muda ule moyo wangu ulimlainikia.

"Lile chonge," akasema. "Lilikuwa bado lipo?"

"Alizikwa nalo."

"Halikuwahi kuvimba?"

"Halikuwahi."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukakunjuka. Akanisogezea sahani. "Kula, Ruhuwiko. Usiniachie visheti."

Nilipofika nyumbani Ruhuwiko nilimpigia Tunduru kabla sijavua viatu. Aliuliza Daktari amepokeaje. Nikamwambia alisikitika, aliinamisha kichwa, alimwombea mzee dua. Yote yalikuwa kweli. Kisha akauliza kama Daktari aliulizia jino.

"Aliuliza."

"Ukamwambia halikuvimba?"

"Nilimwambia. Alifurahi."

Nikasikia sauti yake inachangamka, kama wiki ile aliyotembea kama aliyeongezwa urefu. Aliuliza alifurahi vipi, alisema maneno gani hasa. Nikamwambia. Akauliza, polepole, kama Daktari hakutaja aliyelipima.

"Hakutaja," nilisema.

"Haya, dada," akasema. "Ukimwona tena mwambie salamu zake zimefika."

Daktari hakuwa ametuma salamu. Nilimwambia nitamwambia.